Mfuko wa bure, mshono wa kulipiwa: tunavyoshona mifuko ya sokoni kwa vitambaa visivyotakiwa

Ukinunua mfuko ukakatika mkono kabla hujafika steji, kesho yake unamrudia aliyekuuzia mnaelewana. Ukipewa bure ukakatika, unaokota viazi vyako barabarani, unautupa, na aliyeushona hapati habari. Kwa hivyo wa bure ndio unaotaka kushonwa kwa makini zaidi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ninayowapa wanaokuja kujitolea, na karibu kila kitu nitakachoandika hapa chini kinatoka humo.

Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Nakuru. Cherehani yangu ni ya miguu, ile Butterfly nyeusi ambayo stima ikipotea haina habari. Siku za kazi nashona sketi za marinda na kaptula za watu. Jumamosi mchana ukumbi wa kanisa ulio karibu na kwetu unafunguliwa, watu wanakuja na vitambaa walivyochoka navyo, na tunashona mifuko ya kugawa. Mafundi tuko wachache. Wengi ni walimu, wanafunzi, akina mama wa chama, na mzee mmoja aliyestaafu reli ambaye hajawahi kukanyaga pedali ya cherehani lakini hukata kitambaa kilichonyooka kuliko mimi.

Watu wa Nakuru tuna haki ya kujisifu kidogo kwenye mambo haya. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu si mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Mmoja wa waliopiga kelele mpaka serikali ikasikia ni mpiga picha wa hapa hapa, James Wakibia. Alikuwa akipita karibu na jalala la Gioto, anaona jinsi upepo unavyotawanya mifuko mpaka barabarani, anapiga picha na kuziweka mtandaoni. Mwaka 2015 alianzisha kampeni ya mtandaoni ya kutaka plastiki ipigwe marufuku, na wengine wakaishika.

Juala la plastiki likaondoka, lakini lililochukua nafasi yake ni nini? Ni ile mifuko myepesi ya rangi rangi inayouzwa kwenye milango ya soko. Inaitwa ya kitambaa, nami nakubali inafanana na kitambaa, ila ikune kwa kucha uone. Ni polipropilini, plastiki tupu, nyuzi zake zimebanwa kwa joto badala ya kufumwa. Ukiifua mara mbili tatu inatoa manyoya, na mikono yake haikushonwa bali imegandishwa. Ndiyo inayokatika.

Hapo kuna mtu ataniambia, basi nunueni jora la pamba mshone mifuko mizuri ya kufanana. La. Mwaka 2018 idara ya mazingira ya Denmark ilitoa hesabu ya mifuko ya aina mbalimbali. Ikasema mfuko wa pamba mpya unatakiwa utumike angalau mara 52 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki, na ukiangalia madhara ya aina nyingine zote, mara 7,100. Pamba inakunywa maji na dawa nyingi shambani. Faida ya kazi hii inatokana na kitambaa kilichokwisha kulimwa, kufumwa na kuvaliwa, kilichokuwa kinaelekea jalalani. Tukianza kununua kitambaa kipya ili tukigawe bure, tumeenda mbele hatua moja na kurudi mbili.

Kuchagua kitambaa

Hapa ndipo kazi ilipo. Mtu akishajua kukataa kitambaa kibaya, kushona ni rahisi.

Mabaki ya sare ndiyo dhahabu yetu. Kitambaa cha sketi na kaptula ni mchanganyiko wa polista na pamba, kizito, hakipauki upesi, na kila fundi wa sare ana gunia lake chini ya meza analosubiri mtu wa kumwondolea. Nenda Januari, wiki ya shule kufunguliwa, utapewa mpaka ushindwe kubeba. Shida yake ni kwamba vipande ni vidogo, kwa hivyo lazima uunganishe vitatu vinne kupata upande mmoja wa mfuko. Mimi napenda kuchanganya damu ya mzee na kijani, na mtu akiniambia hizo ni rangi za shule mbili zinazochukiana, namwambia wapatane mfukoni. Kitambaa cha mashati ya shule usikitumie kwa mfuko peke yake, ni chepesi.

Mapazia ya zamani ni mazuri ila yanadanganya. Pazia linaweza kuonekana zima kabisa na kumbe jua limelila miaka kumi. Angalia sehemu iliyokuwa dirishani, hasa kwenye mikunjo iliyotazama nje. Ishike kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, kisha vuta kwa ghafla. Kitambaa kizima kinalia pu na kurudi mahali pake. Kilichooza kinaachia pole pole bila kelele, na vumbi kidogo linabaki kwenye vidole. Usikionee huruma hata kama maua yake ni mazuri. Kata sehemu iliyokuwa kivulini, hiyo nyingine iweke kando.

Mashuka tunayakunja mara mbili, yaani kila upande wa mfuko unakuwa na tabaka mbili zilizoshonwa pamoja pembeni kama kitambaa kimoja. Shuka kubwa la pamba linatoa mifuko mitatu na mikono yake. Leso pia ni hivyo hivyo, tabaka mbili, na ukate kwa akili ili maneno yake yabaki mzima na yakae mbele. Akina mama wanachagua mfuko kwa kusoma leso kwanza.

Jinzi ni ya mikono na kitako cha mfuko. Mguu wa jinzi la mwanamume ukifumuliwa hautafika upana ninaoutaka, kwa hivyo kwa mfuko mzima uunganishe miguu miwili au ushone mfuko mdogo wa unga. Mfuko wa nyuma wa suruali ufumue polepole na ulete wote kama ulivyo: tunaushona ndani, upande wa juu, kwa ajili ya simu na chenji. Ndani, nimesema. Ukiushona nje unawarahisishia kazi vijana wa mkono mwepesi pale steji.

Kwa wauza mitumba tunaomba fagia, yale mabaki ya beli ambayo hata kwa shilingi kumi hayanunuliki: shati lililochanika kwapa, suruali iliyovunjika zipu, sketi yenye doa. Sisi hatujali kwapa wala zipu. Tunataka mgongo wa shati na mapaja ya suruali.

Tisheti za kampeni hutufikia kwa magunia baada ya kila uchaguzi, na ninazikataa kwa kushona. Zinavutika. Ukitia kabeji mbili mfuko unashuka mpaka magotini. Isitoshe, hakuna anayetaka kwenda sokoni na sura ya mheshimiwa aliyemwangusha mwenyewe. Zina kazi nyingine, nitafika huko.

Tunakataa pia sweta, lesi, satini inayoteleza (mwanafunzi atalia), kitambaa chochote kilichotoka hospitali, na kilichomwagikiwa mafuta ya gari au dawa ya shamba. Harufu ya dawa ya shamba hata ikiisha, mimi sitaki sukuma wiki ya mtu ikae humo.

Kama hujui kitambaa ni cha nini, chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya karai la maji, uuchome. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Polista inayeyuka, inarudi nyuma na kufanya kidonge cheusi kigumu. Vyote vinafaa. Unataka kujua kwa sababu ya pasi tu, maana pasi ya makaa iliyoshika moto itaikunja polista kabla hujasema lolote. Jaribio la mwisho ni la mwangaza: inua kitambaa dirishani, tia mkono nyuma. Ukihesabu vidole vyako vizuri, hicho kinataka tabaka mbili.

Kufua kabla ya mkasi

Kila kitu kifuliwe kwa maji moto na sabuni ya unga kabla hakijaingia ukumbini. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kunguni, na sielezi zaidi. Ya pili ni kwamba pamba hurudi, yaani husinyaa. Ukiunganisha kipande kilichokwisha kufuliwa na ambacho hakijafuliwa, mfuko utajikunja upande siku mwenyewe atakapoufua. Anika juani hasa, si kivulini, kisha piga pasi. Msimu wa mvua za Aprili kazi hii inachelewa na hakuna dawa; tunakata vilivyokauka, vingine vinangoja.

Kukata

Tunatumia kipimo cha kadibodi, cha katoni ngumu ya televisheni au friji, kilichokatwa mara moja na kupigwa selotepu pembeni kisichakae. Kwa watu wasio mafundi hii ni bora kuliko tepu, kwa sababu kila mtu akipima kwa tepu yake utapata mifuko yenye mabega ya kupinda.

Mfuko mmoja una vipande vinne. Viwili vya mwili, kila kimoja sentimita 50 kwa 50. Viwili vya mikono, kila kimoja urefu wa sentimita 65 na upana wa 10. Ukimaliza utapata mfuko wa upana wa sentimita 35, kimo kama 37, na kitako cha 12. Unabeba kabeji, viazi na mafuta, na mkono unafika begani.

Kuna jambo moja la nyuzi ambalo wasio mafundi hawaambiwi. Kila kitambaa kina nyuzi za urefu wa jora na nyuzi za upana. Vuta kwa mikono miwili upande mmoja, kisha upande wa pili: ule unaokataa kuvutika ndio wa urefu. Huo ndio usimame wima kwenye mwili wa mfuko na ndio ufuate urefu wa mkono. Ukikata mkono kwa upana, utavutika. Ukiukata mshazari, mfuko wenye kilo nane utageuka bembea. Ukiona ukingo wa jora, ule usiofumuka, nyuzi za urefu zinaufuata.

Chora kwa chaki ya fundi, au kipande chembamba cha sabuni ya kipande kilichobaki bafuni. Kinachora vizuri na kinafulika. Mkasi wa kitambaa usikate kadibodi. Hilo hurudiwa kila Jumamosi.

Kushona

Tumia uzi wa polista. Uzi wa pamba ni mtamu kwa cherehani lakini ukilowa na kukauka mara nyingi unaoza. Sindano namba 14 kwa mashuka, 16 kwa sare na mapazia, 18 kwa jinzi. Mshono usiwe mdogo mdogo: milimita 3 kwa kila hatua inatosha. Mishono iliyobanana inatoboa kitambaa kama stempu ya posta na kinachanika kwenye mstari huo huo.

Anza na mikono. Kunja kipande cha sentimita 10 katikati kwa urefu, piga pasi. Fungua, leta kila ukingo mrefu mpaka kwenye mstari wa katikati, piga pasi tena. Kisha kunja tena katikati. Sasa una mkanda wa tabaka nne wenye upana wa sentimita 2 na nusu. Shona pembeni zote mbili, na mstari mmoja katikati. Huu wa katikati wengi wanauruka wakiona ni urembo. Ndio unaozuia mkanda usijikunje kuwa kamba, na mkanda uliojikunja ndio unaokata bega la mama aliyepanda kutoka sokoni hadi mtaa wa Section 58.

Halafu pindo la juu, kila kipande cha mwili peke yake kikiwa bado kimelala bapa mezani. Kunja sentimita 1 kuelekea upande mbaya wa kitambaa, ule wa ndani, kisha kunja nyingine 4, piga pasi. Kabla hujashona, ingiza ncha za mkono chini ya pindo, zifike mpaka ndani kabisa ya mkunjo. Ukingo wa nje wa mkono uwe sentimita 14 hadi 15 kutoka pembeni ya kitambaa. Usiuache mkono umejisokota: upitishe kidole toka ncha moja hadi nyingine kwanza. Shona mstari wa chini wa pindo, ukipita juu ya ncha za mkono. Sasa inua mkono uelekee juu, na ushone mstari wa pili pembeni kabisa ya mdomo wa mfuko.

Usiishie hapo. Pale mkono unapokutana na pindo, shona kisanduku cha mraba, na ndani yake mistari miwili iliyopishana kona kwa kona. Uzito wa mfuko wote unakaa kwenye visanduku vinne hivi, viwili kwa kila mkono. Mstari mmoja ukibeba peke yake, uzi unakatika mmoja, wa jirani unafuata, na umekwisha. Kisanduku kinagawanya mzigo pande zote. Kama kitambaa cha mwili ni chepesi, weka kipande kidogo cha jinzi nyuma ya kila kisanduku, upande wa ndani, ushone vyote pamoja. Cherehani yako ikiwa haina kurudi nyuma, acha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, geuza kitambaa, ushushe, endelea. Mzee wetu wa reli husimama nyuma ya kila mshonaji hapa. Asipoona msalaba ndani ya kisanduku, mfuko hauendi meza inayofuata.

Sasa pande na chini. Hatuna mashine ya kufunga pindo, na huhitaji. Tunashona mshono unaojificha wenyewe. Weka vipande viwili vya mwili migongo ikitazamana, upande mzuri ukiwa nje. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni: ubavu, chini, ubavu. Punguza nyuzi zilizotokeza, kata ncha za kona bila kugusa mshono, kisha geuza mfuko ndani nje, sukuma kona kwa penseli, piga pasi. Shona tena njia ile ile, sentimita 1 kutoka ukingoni. Ule ukingo wenye nyuzi umefungiwa katikati na hautafumuka milele.

Ukifika kwenye pindo la juu, kitambaa kimekuwa kinene na cherehani itagoma. Usikanyage kwa hasira, utavunja sindano. Weka mfuko sakafuni juu ya ubao, uponde huo unene kwa nyundo au mchi mara kadhaa mpaka ulale, kisha uupitishe kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, hatua moja moja. Vijana wanaokuja kwa sababu ya huduma ya jamii shuleni wanapenda kazi ya kuponda kuliko zote. Kwa jinzi, hata nyundo haisaidii. Huko shona mshono wa kawaida mara mbili, na ufunike ukingo kwa kipande chembamba cha shuka.

Mwisho ni kitako. Mfuko ukiwa bado umegeuzwa ndani nje, shika kona moja ya chini uivute mpaka mshono wa ubavu ulale sawasawa juu ya mshono wa chini. Kona inakuwa pembe tatu. Pima sentimita 6 kutoka kwenye ncha ukifuata mshono, chora mstari wa kukata pembe hiyo. Mstari ukiwa na urefu wa 12, umepima vizuri. Shona mara mbili. Usiikate hiyo pembe tatu: ilaze chini ya kitako na uishikize kwa mishono michache, inaongeza nguvu. Rudia kona ya pili, geuza, kazi imekwisha.

Ukaguzi

Meza ya mwisho ina vitu viwili. Cha kwanza ni sumaku tuliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Inapitishwa ndani na nje ya kila mfuko kutafuta pini na ncha za sindano zilizovunjika, maana huu mfuko mtoto atatia mkono kutafuta mkate. Cha pili ni mzigo: pakiti nne za unga za kilo 2 na gorogoro ya viazi. Tia vyote, inua kwa mkono mmoja, ukirukaruka. Kisha utundike kwenye msumari wa mlango watu wakinywa chai. Baadaye angalia matundu ya sindano kwenye visanduku vya mikono. Yakiwa yamefunguka na unaona mwanga, mfuko unarudi kwa aliyeushona, akiwepo, na anafumua mwenyewe. Wengine wananuna. Wanarudi Jumamosi inayofuata.

Kugawa

Watu wanadhani hapa ni rahisi. Hapa pana ugomvi kuliko kwenye kushona.

Kwenye mlango wa Wakulima Market kuna vijana na akina mama wanaouza ile mifuko ya polipropilini, na hiyo ndiyo riziki yao ya siku. Ukisimama karibu nao ukagawa mifuko bure, umewafunga duka asubuhi hiyo. Mimi sishiriki hilo. Kwa hivyo hatugawi mlangoni, hatugawi njia ya kuingilia soko. Tunawapa mama mboga wa mitaani, Kaptembwo, Bondeni, Free Area, wachache kila mmoja, na yeye ndiye anayejua mteja gani hununua vingi na hubeba kwa nguo. Shosho anayekuja na mtandio umefungwa viazi atapewa kwanza, hata hatuulizwi. Na yeyote anayeuza mifuko akitaka kujifunza kushona yake auze, kiti kipo na kadibodi tunampa achore ya kwake. Akiuza ni halali yake.

Mama mboga tunamwambia maneno mawili ya kumpa mteja: mfuko ukikatika uletwe, tutaushona, ukibebea nyama au samaki ufue siku hiyo hiyo kwa maji moto, ukauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Zipo nchi ambako vikundi kama chetu huweka sanduku la mifuko dukani, unaazima, unarudisha. Burleigh Heads, Australia, walianza hivyo mwaka 2013 wakajiita Boomerang Bags, na wazo likaenea mbali. Kwetu sisi sanduku la kurudishia sioni kazi yake. Mfuko uliobaki nyumbani ukienda sokoni kila wiki umefanya kazi iliyokusudiwa, nami sihitaji kuuona tena.

Hatupigi picha ya anayepokea. Na kila msimu anatokea mtu wa siasa anayetaka kutulipia uzi ikiwa tutachapa jina lake. Tunamkaribisha chai.

Uzi na sindano

Vitambaa vinaombwa, uzi hauombwi. Hakuna mtu ana uzi wa ziada. Pesa yetu tunaipata kwenye mabaki ya mabaki: tisheti za kampeni, mapazia yaliyooza, vipande visivyofika upana wa kiganja. Mafundi wa magari wa jua kali hununua matambara ya kupangusia oili kwa kilo, na Nakuru haikosi gereji. Tunayatenga Jumamosi hiyo hiyo, watoto wakikata vifungo na zipu na kuvitia kwenye mkebe. Ukipeleka, hakikisha ni pamba tupu. Fundi wa gari atashika tambara moja toka katikati ya gunia, atalichovya kwenye oili, na oili ikiteleza juu juu bila kunyonywa atakurudishia gunia zima.